Tuma na ya Kutolea

(Mazungumzo ya redioni ya wiki iliyopita, kama yalivyosomwa hewani)

Jumapili iliyopita nilikalishwa kiti cha mbele katika kikao cha ukoo, nyumbani kwa dada yangu Tabata, kupokea posa ya mpwa wangu. Nasema kupokea posa, lakini kila aliyekuwamo sebuleni alijua kwamba binti anayeposwa ana mtoto wa miaka miwili, kwamba baba wa mtoto ndiye huyo huyo aliyeleta posa, na kwamba wawili hao wanaishi chumba kimoja huko Kinyerezi, mwaka wa tatu sasa. Mtoto mwenyewe alikuwa akipita katikati yetu akivuta pindo la mkeka, huku wazee wakiulizana kwa sauti ya kikao: "Je, vijana hawa wanafahamiana?"

Sisi ni watu wa milima ya Uluguru. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Kwa hiyo orodha ya mahari niliiandika mimi, kwa mkono wangu, usiku wa kuamkia siku hiyo. Niliandika mahari shilingi milioni mbili. Nikaandika mkaja wa mama, blanketi la bibi, koti la mjomba mkubwa. Halafu nikaongeza faini: faini ya kumpa binti mimba akiwa kwao, na faini ya kuishi naye bila ruhusa ya wazee. Nilipojumlisha nikapata milioni tatu na nusu. Nikajiona mtu mwenye huruma, maana jirani yangu alikuwa ameniambia kwamba kwao wangeanzia tano.

Kabla wageni hawajafika, dada yangu akaniita jikoni, akaisoma ile karatasi akiwa ameshika mwiko. Akaniuliza swali moja tu: "Kaka, wewe ulitoa ngapi?"

Ndugu msikilizaji, swali hilo ndilo lililonifanya niiache mada niliyokuwa nimeitayarisha kwa ajili ya wiki hii, ambayo ilihusu mitaro ya maji ya mvua. Mitaro itatusubiri; imekwisha kutusubiri miaka mingi.

Mimi nilimpata mke wangu kwenye foleni. Wenye umri wangu watanielewa. Vijana wavumilie kidogo. Ilikuwa mwaka 1984. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka mitano nyuma, fedha za kigeni hakuna, na maduka yalikuwa na rafu zenye vumbi. Mwaka uliotangulia ulifanyika msako wa wahujumu uchumi, na watu wakawa wanatupa sabuni na vitenge mitaroni usiku ili wasikutwe navyo. Sukari ikifika duka la ushirika, habari zilienea kwa mnong'ono, na watu waliweka mawe kwenye mstari tangu alfajiri ili kushika nafasi, kisha wakaenda zao kazini. Jiwe langu lilikuwa nyuma ya jiwe lake. Siku ya tatu nikalilinda jiwe lake lisisogezwe na wajanja. Uchumba wetu ulianzia hapo.

Zawadi yangu ya kwanza kwake ilikuwa sabuni ya kuogea, nzima, bado imo katika karatasi yake. Niliipata kwa rafiki aliyekuwa na safari za Namanga, na sitasema zaidi. Leo ukimpa msichana sabuni atadhani unamwambia kwamba ananuka. Wakati ule aliipeleka kwa mama yake, na mama yake akauliza kijana huyo ni wa wapi na wazazi wake ni akina nani. Jumamosi moja moja tulikwenda kucheza muziki DDC Kariakoo, tukarudi kwa miguu. Mara moja nilimtumia salamu kwa kadi redioni, nikakaa wiki sita nikisubiri isomwe, na iliposomwa yeye alikuwa kisimani.

Lakini hebu tazama ni nani aliyelipia uchumba ule. Nilikuwa karani katika shirika moja la umma. Chumba nilichokwenda kumweka mke wangu kilikuwa cha shirika, na kodi yake ilikatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Wageni wa harusi walibebwa na lori la ofisi. Sukari ya chai na bia za wazee zilitoka kwa kibali, na kibali kilitoka kwa sababu nilikuwa na barua ya mwajiri. Mahari yenyewe ilikuwa shilingi 2,000, na nusu yake aliitoa mjomba wangu wa Matombo, ambaye aliuza mikungu ya ndizi mpaka shamba likabaki majani. Tulioana Septemba 1985, miezi miwili kabla Mwalimu hajang'atuka.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba sisi tulioana kwa mapenzi na vijana wa leo wanaoana kwa fedha, nashindwa kuitikia. Fedha zilikuwapo. Ila zilipita kwenye mikono ya shirika, ya serikali na ya ukoo, na zilipotufikia zilikuwa zimekwisha kugeuka lori, kibali na chumba. Mke wangu hakuwa na haja ya kuniuliza nina nini. Alijua nina ajira, na ajira ndani yake ilikuwa na kila kitu.

Wala nisiipambe mno zama ile. Uhaba nao ulikuwa na mapenzi yake. Mkoani Kagera, katika miaka ile ya magendo ya mpakani, kulikuwa na vazi lililoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, likiitwa Juliana, na wasichana walilitamani. Ulipoingia ugonjwa mpya wa kukondesha, watu wa huko waliupa jina hilo hilo la Juliana, kwa kuwa waliona waliopewa vazi ndio wanaokufa. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo. Nawakumbusha hili wale wanaodhani kwamba msichana kuvutwa kwa kitu ni jambo lililoletwa na simu za mkononi. Duka likiwa tupu, kitambaa kimoja kinaweza kugharimu maisha.

Sasa twende mbele. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwanzoni mwa mwaka ule dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 17. Mwaka ulipokwisha ilikuwa imepita 50, na haikusimama hapo. Leo tunahesabu kwa elfu mbili na zaidi. Bidhaa zilirudi madukani, hilo lazima tuliseme. Mitumba, ambayo tuliizoea kuiita kafa ulaya, ikajaa mitaani, na vijana wakapendeza. Lakini mshahara ulibaki nyuma ukihema. Kati ya miaka ya katikati ya 1970 na mwisho wa 1980, kile ambacho mshahara wa mfanyakazi wa mjini uliweza kununua kilishuka kwa zaidi ya robo tatu.

Mimi sikuhitaji mtaalamu anieleze. Mwaka 1988 mshahara wangu ulikuwa ukiisha tarehe tano. Tarehe sita mpaka thelathini tulikula vitumbua. Simaanishi kwamba tulikula vitumbua vyenyewe, vile viliuzwa. Mke wangu aliamka saa tisa usiku, akawasha jiko, na saa kumi na mbili alikuwa kituo cha basi na beseni lake. Wenyewe waliita mradi. Kila nyumba ilikuwa na mradi: maandazi, barafu za pakiti, kufuma vitambaa, kuku wawili watatu nyuma ya choo. Mtafiti mmoja kutoka Marekani, Aili Mari Tripp, alikuwa akizunguka katika mitaa ya Dar es Salaam miaka ile akiwauliza akina mama habari za miradi hiyo, na mwaka 1997 akatoa kitabu kinachoonyesha kwamba biashara hizo ndogo ndizo zilizokuwa zikizilisha familia za wafanyakazi, wala si mshahara.

Naomba niungame jambo. Nauli yangu ya kwenda ofisini ilitoka katika beseni lile. Kila asubuhi mke wangu alihesabu sarafu, zina mafuta mafuta, akaniwekea juu ya meza, kwa sababu hakutaka kunipa mkononi. Na mimi ofisini nilikuwa nikisema, "Mama watoto anajishikiza na vitumbua kidogo, kupoteza muda." Nilikuwa karani, nasoma magazeti; nilijua kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikwisha kutamka kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Nililijua jambo hilo na bado nikasema kupoteza muda. Mwanamume wa zama zangu alikubali kulishwa, sharti tu asionekane.

Mwaka 1994 shirika likapunguza watu, na mimi nikiwamo. Wenzangu tuliopunguzwa pamoja, wawili waliziacha familia zao katika mwaka ule ule. Hawakufukuzwa na wake zao. Waliondoka wenyewe, kwa kushindwa kukaa ndani mchana na kumtazama mke akirudi na pesa ya mboga.

Ni katika miaka hiyo hiyo lugha ya mapenzi mjini ilipobadilika. Yakaja maneno ya kuchuna na buzi, baadaye mapedeshee, na sasa tunasikia sponsa, kudanga, marioo. Nimeona kwamba maneno mengi ya aina hii humlaumu mwanamke kwa kupokea, na marioo humcheka mwanamume kwa kupokea. La kumwita yule aliyekuwa na ajira, akaipoteza, na hajui tena ajitambulishe vipi kwa wakwe, sijalisikia.

Tuje basi kwenye nauli.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007, na sisi tukaipata mwaka 2008. Ilikuja kwa ajili ya mtu wa mjini kumtumia mama yake kijijini. Lakini vijana nao wana mama zao wengine. Miezi michache nyuma nilikuwa kwa kinyozi wangu, na kijana mmoja dereva wa bodaboda akawa analalamika kwamba amekula hasara: amemtumia msichana shilingi elfu kumi aje wakutane Kariakoo, msichana akazima simu. Wenzake wakacheka, wakasema ameliwa nauli. Elfu kumi ndiyo pesa anayotakiwa kumpa mwenye pikipiki kila siku, siku zote za mkataba, mpaka pikipiki iwe yake. Yaani alifanya kazi siku nzima kwa ajili ya mtu ambaye hakutokea. "Na nikaweka ya kutolea, mzee wangu," akasema. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alikuwa amemfikiria mpaka makato ya wakala.

Akaniuliza, kwa kuwa ananijua kuwa mtu wa redio, kama anaweza kwenda mahakamani kudai nauli yake. Nikamwambia sheria ipo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 71, inaruhusu mtu kudai arejeshewe zawadi aliyoitoa kwa kutarajia ndoa isiyofungwa, lakini mahakama iridhike kwamba mtoaji aliitoa kwa sharti la ndoa hiyo kufungwa. "Sasa wewe," nikamuuliza, "nauli ile uliituma kwa sharti la ndoa?" Kinyozi ilibidi azime mashine kwanza, acheke.

Palikuwa na binti anauza vocha na kutoa huduma za fedha kwenye meza yake pale nje, anasikia yote. Huyo ndiye wakala anayetoa hizo nauli. Akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Mzee, mimi nikiomba nauli si kwamba siku zote ninayo. Mara nyingine kweli sina. Mara nyingine ninayo, nataka kuona. Mwenye nyumba hapa anataka kodi ya miezi sita, na dalali anataka ya mwezi mmoja wake. Mtu ambaye nauli inamtoa jasho hivi, hiyo kodi tutailipa na nani?"

Ndugu msikilizaji, mimi nilipooa sikutakiwa kulipa kodi ya miezi sita kwa mpigo. Kama ningetakiwa, huenda leo ningekuwa bado niko na jiwe langu kwenye foleni. Kijana wa leo hana shirika, hana kibali, hana lori. Mjomba wake aliye kijijini yuko taabani, au amekwisha kufa. Gharama zote ambazo zamani ziligawanywa katika mikono mingi zimemwangukia yeye, au wao wawili, na zimekuja mwanzoni kabla hata hawajajuana vizuri. Zamani fedha ilizungumzwa mwishoni, na wazee, mlango umefungwa. Sasa inazungumzwa siku ya pili, na wahusika wenyewe, kwa ujumbe wa simu. Msichana analazimika kuwa mshenga wake mwenyewe na mjomba wake mwenyewe. Anauliza yale ambayo ukoo ungemuulizia, na kwa kuwa anauliza kwa mdomo wake, anaitwa mpenda fedha. Simtetei aliyezima simu. Yule ni mwizi mdogo kama wezi wengine. Namtetea yule wa kwenye meza ya vocha.

Hata wanafunzi wa vyuo vikuu wana majira yao. Mkopo wa serikali ukiingia, wanaouita bumu, uchumba hushamiri. Bumu likiisha, kila mtu hukumbuka kwamba ana mtihani.

Ya harusi zenyewe nitayapita haraka, maana yananiudhi. Nimekwisha kupokea kadi saba za michango mwaka huu, za mtu mmoja na za wawili wawili, na kila kadi ina kima chake cha chini kana kwamba ni sheria ya kazi. Nimeingizwa katika makundi ya simu ya kamati za harusi bila kuulizwa, za watu ambao baba zao tu ndio ninaowafahamu. Kuna kicheni pati, kuna sendofu, kuna harusi, halafu kuna kuvunja kamati. Na kijana anayeona yote haya anaamua heri amchukue mwenzake kimya kimya, wakae, wazae, na posa itakuja siku ikija. Ndivyo alivyofanya huyu wa kwetu.

Turudi Tabata.

Kijana alikuja na mshenga, na mshenga wake hakuwa mzee. Alikuwa dereva mwenzake wa kituoni, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Baba wa kijana amefariki, na baba yake mdogo aliye Songea hakuweza kusafiri. Mjomba wangu wa Matombo, ambaye sasa ni mzee wa miaka themanini na ushei, aliliona hilo kama dharau tangu mwanzo. Mwenzetu alipoisoma orodha yangu kwa sauti, milioni tatu na nusu, yule kijana aliinamisha kichwa akawa anamtazama mtoto wake akichezea viatu vya wageni mlangoni.

Mshenga hakubishana. Alitoa mfukoni daftari la shule, akaomba ruhusa ya kusoma. Ndani yake mlikuwa na kodi ya chumba, tarehe kwa tarehe. Mlikuwa na kliniki ya ujauzito, hospitali siku ya kujifungua, maziwa, bima. Mlikuwa na shilingi elfu themanini alizotumiwa dada yangu mwaka jana alipolazwa. Hilo sikulijua. Nilimtazama dada, akatazama pembeni. Mshenga akafunga daftari, akasema kwa adabu, "Wazee wetu, hatusemi hii ndiyo mahari. Tunasema kijana hakukaa bure."

Baadhi ya wazee walikasirika, wakasema wameletewa risiti. Mimi nilijaribu kuwa mtu wa sheria. Nikaeleza kwamba Sheria ya Ndoa, kifungu cha 160, inasema watu wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Na kifungu cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu taratibu za mahari hazikutimizwa. Kwa hiyo, nikasema, huenda tunambishania mtu ambaye amekwisha kuwa mkwe.

Mjomba wa Matombo akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Hiyo sheria iliuza ndizi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Watu wa mjini tumezoea kusema wazee wana tamaa. Mzee huyu mwaka 1985 alimaliza shamba kwa ajili yangu, na hakuniandikia hati. Alichokuwa akiweka ni akiba, na benki yake ilikuwa ni mabinti wa dada zake na wa wajukuu wa dada zake. Akiba hiyo ndiyo iliyokuwa pensheni yake. Sasa mimi, niliyefaidika nayo, ndiye ninayetaka kuifunga benki siku aliyokuja kuchukua chake. Anasafiri kutoka Matombo kwa basi, magoti yanamuuma, anapewa kifungu cha 160.

Dada yangu ndiye aliyelimaliza. Kwa kawaida mama wa binti hasemi sana kwenye kikao chetu, lakini alisimama. Akasema yeye hahitaji mkaja. Anachotaka ni siku moja ya kusimama na kuwaambia majirani kwamba mwanawe ameolewa, maana kwa miaka mitatu amekuwa akisema binti "yuko kikazi" Kinyerezi. Akaomba faini zifutwe. Tuliongea mpaka saa kumi na moja jioni. Faini zikafutwa. Mahari ikawa laki nne, kwa mafungu manne, la kwanza ndani ya wiki moja, zipokelewe kwa simu yangu. Blanketi la bibi likabaki, na koti la mjomba likabaki. Mjomba alikubali kwa kutikisa kichwa, lakini hakula. Aliomba maji tu, akasema ana basi la mapema.

Juzi Jumatano, saa mbili usiku, simu yangu ikalia. Laki moja imeingia, na juu yake elfu kadhaa: ya kutolea. Hakuna aliyekuwa ameiomba. Nikavaa miwani nisome jina la mtumaji, maana mitandao hii huandika jina la mtu kamili. Halikuwa jina la kijana. Lilikuwa jina la mpwa wangu.

Nikampigia. "Shikamoo Mjomba. Imefika?" Nikamwambia imefika, ila nimeona jina. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia kwamba pikipiki iliharibika injini Jumatatu, na mkataba haungoji injini, kwa hiyo pesa aliyokuwa ameiweka mwenzake ikaenda kwa fundi. Yeye anasuka nywele nyumbani. Alikuwa na akiba yake. "Nisingeituma, Babu wa Matombo angesema tulidanganya," akasema. "Sasa Mjomba, unairudisha?"

Nilimwambia nitampigia baadaye. Niliona aibu, na sikujua naona aibu kwa niaba ya nani. Mahari ya binti yetu ilikuwa imelipwa na binti yetu. Mke wangu aliyekuwa akichambua mchele karibu yangu akauliza nini kimetokea, nikamweleza. Hakuinua uso kwenye ungo. "Baba watoto," akasema, "na wewe ofisini ulikuwa ukiwaambia nauli yako inatoka wapi?"

Sikuirudisha. Mpwa wangu na mwenzake wameniruhusu kulisema hili hewani, mradi nisiwataje majina.

Fungu la Mjomba nimelitenga katika bahasha. Mjomba, kama redio yako ina betri wiki hii, bahasha ninayo, na Jumamosi nitapanda basi niilete Matombo mwenyewe, pamoja na koti. Jina la aliyeituma nimelisema hapa mapema ili usije ukaambiwa na watu njiani. Ukiikataa nitaelewa, lakini koti lipokee, huko kwenu ni baridi.

Panapo majaliwa, ndugu msikilizaji, wiki ijayo tutazungumza juu ya mitaro.